Homa ya Ini na Figo ya Kupandikizwa

Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao waliotoka hospitali ya BLK ya New Delhi, India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, nayo ikisaidiwa na madaktari kutoka Japani. Kabla ya hapo mgonjwa alipaswa kusafirishwa nje ya nchi, hasa India, pamoja na ndugu wa kumtolea figo, na familia nyingi ziliishia kuuza kiwanja au kukaa tu na kungoja.

Tangu wakati huo maswali juu ya figo yameongezeka katika jumuiya zetu, toka Mbagala na Tandika hadi Tegeta na Bunju. Katika mitaa hii siku hizi si ajabu kukuta nyumba yenye mtu anayekwenda kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mbali na muda anaoupoteza kwenye daladala. Watu huuliza gharama. Huuliza nani atatoa figo na kama aliyetoa ataweza tena kubeba ndoo ya maji. Ni wachache sana wanaouliza habari za ini, na hapo ndipo safari ya wengine inapokwama: ndugu wamekubaliana, mtoaji amepatikana, kisha majibu ya maabara yanasema mmoja wao ana homa ya ini. Ndiyo maana tumeona tulizungumze jambo hili mwezi huu.

Homa ya ini ni nini?

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Homa ya ini siyo homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile wanayodaiwa wasafiri. Homa ya ini, ambayo waganga wa hospitali huiita hepatitisi, ni kuvimba kwa ini, na mara nyingi huletwa na virusi. Virusi hivyo vimepewa majina ya herufi: A, B, C, D na E. Macho kuwa ya njano ni dalili tu, na wengi wenye homa ya ini B au C hawapati dalili hiyo kabisa. Wanaishi miaka 20 au 30 wakilima, wakifundisha, wakiendesha bajaji, bila kujua kwamba ini linaliwa polepole.

Aina A na E hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wakati wa masika, vyoo vya mabondeni vinapofurika, wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa zaidi. Aina hizi kwa kawaida hupona zenyewe, ingawa E ni hatari kubwa kwa mama mjamzito. Mlipuko wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ulioanza mwaka 2007, uliwapata watu zaidi ya 10,000. Aina D humshika tu yule ambaye tayari ana B.

Zinazotuhusu hasa leo ni B na C. Hizi hupita katika damu. B hupita pia katika tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kirusi cha B ni kigumu ajabu: tone la damu lililokauka juu ya meza au mkasi linaweza kubeba ugonjwa kwa siku 7. Tofauti nyingine ni umri. Mtoto mchanga akiambukizwa B, takriban tisa katika kila kumi hubaki nacho maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya watano katika mia hubaki nacho, wengine mwili hukishinda. Kwa hiyo wengi wa wenye ugonjwa huu hapa kwetu waliupata wakiwa wachanga au watoto wadogo, na si vizuri kuanza kumpekua mtu mwenendo wake wa ujana kwa sababu ya jibu la maabara. Tunalisema hili kwa sababu tunajua ndoa zinavyotikiswa na karatasi moja ya kipimo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B na milioni 50 na C, na kwamba katika kila maambukizi mapya 100 ya B, 63 yalitokea katika kanda yake ya Afrika.

Ini na figo vinakutana wapi?

Vinakutana mahali pengi kuliko tunavyodhani. Kwanza, kirusi chenyewe chaweza kuharibu figo. Mwili unapopigana nacho kwa miaka, mabaki ya vita hiyo huzunguka katika damu na kunasa kwenye vichujio vya figo, navyo huanza kuvuja. Mtoto anavimba uso na miguu, mkojo unatoa povu, nyumbani watu wanasema amerogwa au amekula chumvi nyingi. B hufanya hivyo zaidi kwa watoto. C hufanya kwa watu wazima.

Pili, ni mashine yenyewe ya kusafisha damu. Damu ya mgonjwa hutoka mwilini kwa mrija, hupita kwenye chujio, na kurudishwa. Katika chumba kimoja wanalala wagonjwa wengi, damu nyingi iko nje ya miili, na mikono ya wauguzi inakwenda huku na huko. Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1969 na 1970, huko Edinburgh, Uskochi, homa ya ini B iliingia katika kitengo cha kusafisha damu na kupandikiza figo. Watu 40 waliugua na 11 walifariki, na miongoni mwa waliofariki walikuwamo watumishi wa hospitali pamoja na wagonjwa. Baada ya msiba huo ndipo zilipowekwa kanuni ambazo mpaka leo zinafuatwa: kila mgonjwa apimwe kabla ya kuanza, mwenye B atengewe mashine yake, glovu zibadilishwe kati ya mgonjwa na mgonjwa, na dawa ya chupa moja isigawiwe wagonjwa wengi. Mgonjwa wa C hahitaji mashine ya peke yake iwapo usafi unazingatiwa kikamilifu. Ndugu wanaosindikiza wana haki ya kuuliza kwa upole kama vipimo hivi vimefanyika na vitarudiwa lini. Muuguzi mzuri hachukii swali hilo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni dawa za baada ya upandikizaji. Mwili wa binadamu una askari wake. Wakiona figo ya mtu mwingine, hata ikiwa ni ya dada wa tumbo moja, huiona kuwa mgeni na kuishambulia. Ndiyo sababu mtu wa kwanza kufanikiwa kupandikizwa figo, mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, alipewa figo ya pacha wake wa kufanana. Askari wa mwili hawakuona tofauti. Kwa sisi wengine, lazima askari hao wapunguzwe nguvu kwa dawa kila siku, maisha yote ya figo ile. Sasa fikiri: askari wale wale wanaozuiwa wasishambulie figo ndio waliokuwa wakimlinda mgonjwa dhidi ya kirusi cha homa ya ini. Wakilegezwa, kirusi kilichokuwa kimelala huamka, huzaliana kwa wingi, na ini laweza kuharibika katika miezi au miaka michache.

Hata aliyepona B zamani hayuko mbali na hatari hiyo. Mabaki ya kirusi hujificha ndani ya chembe za ini kwa maisha yote. Kwa mtu wa kawaida hayana madhara, lakini kwa mwenye kutumia dawa kali za kupunguza kinga yanaweza kuamka, ingawa si mara nyingi.

Zamani na sasa

Katika miaka ya 1970 na 1980, huko ng'ambo kulikokuwa na upandikizaji, wagonjwa wenye B waliopewa figo waliweza kuishi vizuri mwanzoni, figo ikifanya kazi, na kisha kufa kwa ini. Baadhi ya hospitali zilikataa kabisa kuwapandikiza. Kirusi cha C kilikuwa hakijapata hata jina. Kiligunduliwa mwaka 1989, na watu watatu walioshughulika nacho, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja lamivudini ya kutibu B. Ilisaidia sana, ila kirusi kilijifunza kuizoea: baada ya miaka minne au mitano takriban wagonjwa saba katika kumi walikuwa na kirusi sugu. Baadaye zikaja entekaviri na tenofoviri, ambazo kirusi hushindwa kuzizoea kirahisi. Dawa hizi haziondoi B mwilini. Zinakifunga kirusi kamba, na kamba hiyo ni lazima ibaki imefungwa. Lakini mwenye B anayezimeza bila kukosa, na ambaye ini lake halijasinyaa, leo anaweza kupandikizwa figo na kutarajia kuishi nayo kwa miaka mingi. Tofauti na enzi zile ni kubwa mno, na inasikitisha kwamba familia nyingi bado zinaogopa ugonjwa huu kwa habari za miaka ya 1980.

Hapa kuna tahadhari moja. Tenofoviri ya kawaida, ambayo wengi wanaifahamu kwa sababu imo pia katika dawa za VVU, inaweza kuchosha figo. Mgonjwa wa figo hapaswi kuazima kidonge cha jirani hata kama jina kwenye kopo linafanana. Daktari huchagua dawa, au hupunguza kipimo kufuatana na nguvu ya figo.

Kwa C habari ni nzuri zaidi. Matibabu ya zamani yalikuwa sindano za interferoni, zenye maumivu na mafanikio haba, na kwa aliyekwisha kupandikizwa zilikuwa hatari kwa sababu ziliweza kuwaamsha askari wa mwili wakaikataa figo. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa njia panda: atibu ini apoteze figo, au alinde figo apoteze ini. Tangu kama mwaka 2014 viko vidonge vinavyokiua kirusi chenyewe. Vinatumiwa kwa wiki 8 hadi 12, na wagonjwa zaidi ya 95 katika 100 hupona kabisa, hata walio kwenye mashine na hata waliokwisha kupata figo. Daktari ndiye huamua kama atibu kabla au baada. Asipotibiwa, mwenye C aliyepandikizwa ana hatari zaidi ya kupata kisukari na ya figo mpya kuharibika mapema. Hata hivyo utafiti wa miaka mingi ulionyesha kwamba hata katika enzi zile za shida, mwenye C aliyepandikizwa kwa kawaida aliishi muda mrefu kuliko mwenzake aliyebaki kwenye mashine.

Majibu ya maabara yanasemaje?

Tumeona ndugu wakitoka maabara na karatasi wasiyoielewa, kisha wakaisoma wanavyotaka. Kwa B kuna vipimo zaidi ya kimoja. Cha kwanza hutafuta gamba la nje la kirusi katika damu. Likiwapo, mtu ana ugonjwa sasa hivi. Cha pili hutafuta alama ya kinga dhidi ya kiini cha kirusi; ikiwapo bila lile gamba, mara nyingi maana yake ni kwamba mtu aliwahi kuambukizwa akapona. Cha tatu hutazama kinga ya kumlinda, ile inayopatikana kwa chanjo au kwa kupona. Mwenye ugonjwa hupimwa pia wingi wa virusi katika damu na ugumu wa ini.

Mgonjwa wa mashine ana mtego wake. Vile vipimo vya kawaida vya ini, vinavyopanda ini linapoumia, kwake huwa chini kuliko kwa watu wengine. Vinaweza kusomeka sawa huku ini likiteketea. Vivyo hivyo kipimo cha kinga ya C kinaweza kusema hakuna kitu wakati kirusi kipo, kwa kuwa mwili dhaifu haukutengeneza kinga ya kutosha. Hapo hutafutwa kirusi chenyewe. Usiridhike na sentensi ya "ini liko sawa" bila kuuliza ni kipimo gani kilifanyika.

Ikiwa ini limekwisha kusinyaa na kuwa gumu, tumbo linajaa maji au mgonjwa anatapika damu, kumpa figo peke yake hakufai. Atahitaji ini na figo pamoja, kazi ambayo ni ngumu na ghali hata katika nchi tajiri. Ndiyo maana kugundua mapema ni jambo la kufa na kupona.

Na mtoaji je? Hapa kwetu figo hutolewa na mtu aliye hai, kwa kawaida ndugu. Mwenye B hai mwilini kwa kawaida hakubaliwi, kwa usalama wa mgonjwa na wake mwenyewe. Aliyepona B zamani anaweza kufikiriwa, iwapo mpokeaji ana kinga ya kutosha na atafuatiliwa. Hivyo jibu lenye alama ya ugonjwa wa zamani lisiwe sababu ya kumfuta ndugu katika orodha kabla daktari hajasema. Kikwazo kikubwa ni kwamba ndugu wa tumbo moja mara nyingi wameambukizwa kwa pamoja utotoni, na hivyo familia yenye watoto saba inaweza kujikuta na mmoja tu anayefaa. Ni busara kupima ndugu wote mapema, siyo kungoja mpaka mmoja amejitoa, ameaga kazini na kuuza mbuzi.

Wako wanaouliza kama Kanisa linaruhusu. Linaruhusu. Papa Yohane Paulo wa Pili alilizungumza katika barua yake ya mwaka 1995 juu ya uhai, na tena mwaka 2000 mbele ya madaktari wa upandikizaji waliokutana Roma: kutoa kiungo kwa hiari ni tendo la upendo, kukiuza ni kosa. Hiari maana yake ni pamoja na hiari ya kukataa. Kaka anayeogopa asisutwe kwenye kikao cha ukoo.

Chanjo, na waliozaliwa kabla ya 2002

Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002, na tangu 2009 imo katika ile sindano ya magonjwa matano inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba aliyezaliwa kabla ya 2002 hakuipata kliniki akiwa mchanga. Na hao ndio wazazi wa leo, ndio wenye shinikizo la damu na kisukari ambavyo huua figo, ndio wagonjwa, na ndio watoaji.

Mtu mzima hupimwa kwanza. Akiwa hana kirusi wala kinga, huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Mgonjwa wa figo asingoje kufika kwenye mashine, kwa sababu kadiri figo zinavyodhoofika ndivyo mwili unavyoshindwa kuipokea chanjo. Aliyekwisha kufika kwenye mashine huhitaji dozi kubwa maradufu, na baadaye apimwe kama kinga imeingia. Baada ya kupandikizwa chanjo hufanya kazi kidogo zaidi. Kwa C hakuna chanjo.

Damu inayotolewa hospitalini ni suala jingine linaloogopwa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa kwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa aongezwe damu asikimbie. Lakini kila chupa humfundisha mwili kumkataa mgeni, na kwa anayetarajia figo ni vema isitolewe bila lazima. Hatari kubwa zaidi mitaani mwetu ni wembe wa kinyozi usiochemshwa, sindano ya kutogea masikio, chale za mganga, na vifaa vya kung'olea meno visivyotakaswa.

Nyumbani

Mwenye homa ya ini B au C hula sahani moja na wenzake. Anakumbatiwa, anapeana amani kanisani, anabeba wajukuu, na mama anaweza kunyonyesha. Asichopaswa kushirikiana na wengine ni wembe, mswaki, mkasi wa kucha na kitu chochote chenye damu. Mke au mume apimwe na achanjwe, na watoto vilevile. Kumtengea mtu kikombe ni kumwonea bure.

Tukija kwenye dawa za miti: tunajua zinavyopendwa, na tunajua kuwa mtu mwenye macho ya njano akipelekwa kwa mganga huambiwa ni nyongo. Kwa aliyepandikizwa figo zina ubaya wa aina mbili. Nyingine huumiza ini na figo moja kwa moja, nyingine hubadilisha nguvu ya dawa za hospitali katika damu, na figo ikakataliwa. Wasomaji wanakumbuka mwaka 2011, maelfu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na baadhi wakaacha dawa zao. Anayeacha ghafla dawa ya kufunga kirusi cha B anaweza kuugua ini vibaya kuliko hapo kwanza, na kwa mwenye figo mpya yaweza kuwa mwisho.

Pombe iachwe kabisa, ya chupa na ya kienyeji. Maji ya kunywa yachemshwe. Dawa za maumivu za dukani, hasa diklofenaki na ibuprofeni, zisitumiwe na mgonjwa wa figo. Na anapokwenda kliniki ya figo abebe karatasi zake zote za ini, za miaka yote, hata zilizochakaa, kwa kuwa daktari anayekuta jibu la kwanza la kipimo cha B la miaka kumi iliyopita hupata jibu la maswali ambayo damu ya leo haiwezi kujibu.